Vidole Gumba vya Marehemu

"Nyoosha mkono wa kulia," Sajenti Rachael Nyathira alisema, na Rodah Chebet akaunyoosha juu ya meza bila kuambiwa mara ya pili.

"Unasema ni wewe ulitia dole kwa haya majina yote thelathini na moja."

"Ni mimi."

"Peke yako."

"Afisa, nimekuambia tangu jana. Andika ni Rodah, tumalize. Nina ng'ombe haijakamuliwa."

Ilikuwa Jumanne, saa mbili asubuhi, na ukungu ulikuwa bado umekaa juu ya mabati ya kituo cha polisi. Rodah alikuwa mwanamke wa miaka sitini na mbili, aliyefundisha nasari ya kanisa miaka thelathini. Sasa alichuma majani yake kwenye ekari mbili huko Kapchemoiwo, juu ya Chepseon. Ni yeye aliyeandika ombi kwenda Bunge. Kulikuwa na mswada mpya wa majani chai, na kifungu chake cha kumi na tisa kilisema vituo vidogo vya kununulia majani vifungwe. Kituo cha Kapchemoiwo kilikuwa kidogo. Kikifungwa, wanawake wa huko wangebeba vikapu kilomita saba kwa mgongo, kupanda na kushuka. Watu mia mbili na kumi na wanne walitia dole wakisema hapana.

Halafu barua ikaja Ijumaa kutoka Bunge. Kati ya hao, thelathini na mmoja walikuwa wamekufa.

Mkuu wa Nyathira alikuwa amempa siku tatu. Jumatano alasiri, saa nane na nusu, Bunge lingekaa, na maombi ya wananchi husomwa kwanza, kabla ya miswada. Alhamisi wangepiga kura na kwenda likizo ndefu. Ikifika Jumatano saa sita mchana bila maelezo, ombi litatupwa, na Rodah atapelekwa kortini Alhamisi kwa kughushi.

Nyathira akabonyeza dole gumba la Rodah kwenye wino, halafu kwenye karatasi nyeupe. Akavuta taa. Katikati ya alama kulikuwa na mstari mweupe uliokata kutoka juu hadi chini.

"Hii ni nini?"

"Panga ya kupogoa chai. Zamani sana."

Nyathira akachukua lenzi, akapita alama moja baada ya nyingine, zote thelathini na moja. Hakuharakisha. Zilikuwa alama nyembamba, na karibu zote zilikuwa na nyufa ndogo ndogo, kama udongo wa kiangazi. Kovu halikuwepo hata kwa moja.

"Mama Rodah, si wewe."

"Basi nilitumia mkono wa kushoto."

"Lete wa kushoto."

Rodah akauficha mkono wa kushoto ndani ya leso. Alitazama dirishani.

"Wewe ni mtu wa kanisa," Nyathira akasema. "Amri ya tisa unaijua. Usishuhudie uongo."

"Naijua. Na ya sita pia naijua."

"Ya sita ni usiue. Nani anauawa hapa?"

"Ng'ombe yangu," Rodah akasema, akainuka. "Nikamateni hiyo Alhamisi. Nitakuwa nyumbani. Nitatoroka niende wapi mimi?"

*

Mwanamume aliyengoja kwenye benchi la nje alivaa koti na viatu vilivyong'aa. Jina lake lilikuwa Kipyegon, na alifanya kazi katika ofisi ya mbunge pale mjini Kericho. Ndiye aliyeiona orodha kabla haijapelekwa Nairobi, na ndiye aliyelalamika.

"Nimemwona anatoka," akasema. "Amekubali?"

"Amekubali kitu ambacho hakufanya."

"Afande, ndugu yangu Kiplimo amelala miaka sita. Mimi ndiye nilinunua sanduku. Halafu naona jina lake, na namba ya kitambulisho, na dole. Ungekuwa wewe ungejisikiaje?"

"Vibaya."

"Basi." Akakaza tai yake. "Jiulize. Nani hapa Chepseon ana majina ya maiti wote? Nganga wa saiba, lile duka la kompyuta. Yeye ndiye huchapa programu za mazishi. Mtu akifa leo, kesho picha yake iko kwa kompyuta ya Nganga."

Nyathira akaandika jina la Nganga. Kisha akauliza, "Shamba la Kiplimo liko na nani siku hizi?"

"Liko tu. Mjane wake yuko huko, Priscah. Sijafika huko tangu mazishi. Kazi ni nyingi."

Aliandika hilo pia.

*

Duka la Nganga lilikuwa katikati ya kinyozi na muuza mbolea. Ukutani kulikuwa na programu za mazishi zimepangwa kama vitambaa vya dukani, nyuso zinacheka, tarehe mbili mbili chini ya kila uso. Nganga aliposikia jambo lenyewe, aliketi.

"Maitu, mama yangu, niue mara moja. Mimi nighushi maiti?"

"Sijasema umeghushi. Nimekuuliza umewachapa wangapi kati ya hawa."

Wakakaa pamoja na kompyuta, jina kwa jina. Nganga alikuwa na tabia ya kuongea na marehemu kila faili ilipofunguka. "Huyu mzee alikuwa ananidai salamu tu, kila siku ananipita. Huyu walileta picha ya harusi ya mtu mwingine, nikawaambia hapana." Mwisho wake wakapata tisa. Wale wengine ishirini na wawili hakuwahi kuwachapa.

"Na namba ya kitambulisho," Nganga akasema. "Umewahi kuona namba ya kitambulisho kwa programu ya mazishi? Tunaandika wimbo, tunaandika watoto, tunaandika alivyopenda kondoo. Namba ya kitambulisho ya nini? Kwa mlango wa mbinguni wanaitisha?"

Nyathira karibu acheke. Akageuza orodha, akamwekea mbele.

"Angalia vile imeandikwa. Ungeandika hivi?"

Nganga akasogeza miwani. "Hapana. Familia ingenichapa. Mimi naandika jina la ubatizo kwanza, jina zima, na Mzee mbele yake. Hii ni KIPLIMO J. K. Hii ni ya mashine." Akafungua droo, akatoa kadi ngumu ya kijani iliyochakaa kwenye pembe. "Hii ni kadi ya baba yangu ya kupeleka majani. Soma."

NGANGA P. M., ilisema, na chini yake namba ya mkulima, na namba ya kitambulisho.

"Baba yako yuko wapi?"

"Amezeeka. Anayechuma ni dada yangu." Nganga akaitazama kadi, halafu akamtazama sajenti. "Unataka kahawa? Unakaa kama mtu hajakunywa kitu."

"Nitakunywa siku nyingine."

Alikunywa maji yake ya chupa akiwa amesimama kando ya barabara, akala ndizi moja, akapanda bodaboda kwenda Kapchemoiwo.

*

Kituo cha majani kilikuwa kibanda kirefu cha mabati kisicho na kuta, na meza za mbao za kumwagia majani, na mizani moja imening'inia kwenye boriti. Nyathira alifika saa saba, wakati wa kupima mara ya pili. Aliketi kwenye benchi la mwisho. Wanawake wawili waliokuwa wameketi hapo walimwona, wakainuka, wakaenda kusimama na wenzao. Walimsalimu "Chamgei," naye akaitikia kwa Kipsigis safi, kwa sababu alizaliwa Chepseon na kucheza na watoto wa huko. Hawakurudi kukaa.

Karani wa mizani alikuwa kijana aitwaye Morris Ratemo, ametoka Kisii, na mashine ndogo ya kusajili majani imening'inia begani. Alikuwa akiita kutoka kwenye kioo cha mashine, mmoja mmoja, nao wanatoka kwenye foleni na vikapu.

"Koech S. K."

Mwanamume mzee akatoka.

"Chelimo R."

Msichana wa shule akatoka na kikapu cha mama yake.

"Kiplimo J. K."

"Niko," akasema mwanamke, akasogea mbele.

Alikuwa mwembamba, amefunga aproni ya nailoni na buti za mpira zilizopasuka kisigino. Akatundika kikapu chake, akangoja, akaonyesha kadi ya kijani, akapokea karatasi. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Nyathira alifungua orodha kwenye magoti yake. Kiplimo J. K., nambari kumi na saba.

"Bett W."

"Niko." Mwanamke mwingine. Nambari ishirini kwenye orodha.

"Mutai P. A."

"Niko." Sauti ya bibi kizee.

Nyathira aliweka alama ndogo ya penseli kila marehemu alipoitwa. Kabla ya foleni kwisha, alikuwa na alama kumi na nne, na wote kumi na wanne waliitika kwa sauti za wanawake.

Foleni ilipokwisha akamwendea Morris.

"Hii orodha ya ombi, nani alijaza?"

"Mimi. Mwalimu Rodah aliniachia hapa siku tatu. Alisema watu wote hupita kwa mizani, hakuna haja ya kuzunguka mashambani."

"Uliuliza kila mtu jina lake?"

"Nilitazama mashine, nikaandika. Namba ya kitambulisho nikatoa kwa kadi. Halafu mtu anaweka dole." Morris alianza kupunguza sauti. "Kwani kuna shida gani, afande?"

"Kiplimo J. K. ni mwanamke?"

"Huyo ni mama Priscah. Lakini majani ni ya Kiplimo."

"Kiplimo alikufa miaka sita iliyopita."

Morris akaitazama mizani kana kwamba ingemsaidia. "Mimi nilikuja hapa mwaka juzi," akasema. "Niliwakuta wanaitwa hivyo. Mizani haiulizi nani yuko hai."

*

Rodah alikuwa anakamua alipomwona akipanda njia. Hakusimama. Nyathira alingoja kando ya ua mpaka ndoo ikatolewa chini ya ng'ombe.

"Umefika huko kwa mizani," Rodah akasema.

"Nimefika."

"Basi sasa umejua. Nyamaza nayo."

"Kwa nini ulikubali kosa lisilo lako?"

Rodah akafunika ndoo kwa sahani. "Mume akifa hapa, mwanamke anarudi shambani siku ya tatu au ya nne. Majani hayangoji matanga. Anakwenda na kadi ya mzee, kwa sababu ndiyo kadi iliyoko. Leo, kesho, miaka inapita. Ukitaka kubadilisha jina, kampuni inasema lete karatasi ya korti ya urithi. Unaenda korti, ndugu wa marehemu wanatokea, na wewe huna mtoto wa kiume, au uko naye na ni mdogo. Kesi miaka minne. Muda huo wote namba ya kuuza majani imefungwa. Mtu atakula nini? Ukiandika karatasi yako kwamba wale ni wajane, umefunga namba thelathini na moja kwa siku moja. Hiyo ndiyo amri ya sita."

"Wewe utafungwa."

"Mimi sina mtoto wa kulisha. Nina namba ya jina langu mwenyewe, sikuwahi kuolewa. Jela kuna paa."

"Na ombi litatupwa. Kituo kitafungwa. Watabeba kilomita saba."

Rodah akaisukuma sahani ikae sawa juu ya ndoo.

"Siwezi kuandika ni wewe," Nyathira akasema. "Nimeona kovu. Nikiandika hivyo nimeapa uongo."

"Andika hujui."

"Ninajua."

"Basi wewe ni mtu wa kazi yako," Rodah akasema, na hilo halikuwa sifa. Alichukua ndoo akaingia. Sajenti alibaki uani. Moshi ulikuwa umeanza kutoka jikoni, na hakuna aliyemkaribisha chai.

Akaita mlangoni, "Kesho asubuhi nitawauliza wenyewe. Mimi sitasema jina la mtu. Anayetaka atasema."

*

Jumatano saa tatu na nusu walikuwa wamejaa kibandani. Nyathira alikuwa ameagiza Kipyegon aitwe, kwa sababu sheria inampa mlalamishi haki ya kusikia, na Kipyegon alisimama kando ya meza na viatu vyake vimejaa matope mekundu. Vikapu vya majani ya asubuhi vilikuwa tayari mezani.

Nyathira alisimama juu ya jiwe kando ya meza.

"Bunge limeuliza mambo mawili tu. Huyu aliyetia dole yuko hai? Na alitia kwa hiari yake? Anayetaka kujibu atakuja hapa na kitambulisho chake, cha jina lake, na atatia dole tena. Nikipata majibu kabla ya saa sita, mama Rodah hana kesi. Nisipopata, ana kesi. Kuna hatari kwenu, mnaijua kuliko mimi. Siwezi kuiondoa."

"Msiseme kitu," Rodah akasema kutoka nyuma. "Nimewaambia jana usiku nyumba kwa nyumba. Msiseme."

Mtu akakohoa. Robo saa ikapita, Nyathira amesimama hapo na wino mkononi, na hakuna mguu uliosogea. Morris alifuta mizani iliyokuwa safi.

Halafu Priscah akatoka. Alipita karibu na Kipyegon, akaweka kitambulisho mezani, akainua dole lake jeusi la utomvu wa majani.

"Mimi ni Priscah Chepkemoi. Ule mstari wa kumi na saba ni wangu. Andika."

"Shemeji," Kipyegon akasema. Sauti ilimtoka kama ya mtu aliyekanyagwa. "Kwa hivyo miaka yote sita hii..."

"Miaka yote sita."

"Lakini majani ni ya ndugu yangu!"

"Ndugu yako alipanda. Mimi nimepalilia, nimepogoa, nimechuma na homa. Wewe ulimzika, Kipyegon, na ulizika vizuri, sanduku lilikuwa na vishikio vya shaba. Ulirudi lini kuona kama nimekula?"

Mwanamke mmoja akacheka, kicheko kifupi cha pua, halafu akajizuia. Kipyegon alitazama mashamba yaliyopanda kilima, mistari ya chai iliyokatwa sawasawa.

"Mimi nilidhani kuna mtu anatumia jina lake vibaya," akasema mwishowe.

"Sasa umemwona huyo mtu," Priscah akasema, akabonyeza dole.

Bibi kizee wa Mutai akafuata, ameshikwa mkono na mjukuu. Halafu wa Bett. Halafu wakaja wawili wawili. Nyathira aliandika, alilinganisha alama kwa lenzi, akapiga picha. Ilipofika saa sita kasoro robo walikuwa ishirini na saba. Wanne walikuwa wamebeba vikapu vyao na kuondoka kwa njia ya chini. Aliwaona wakienda. Katika maelezo yake akaandika, "Wanne hawakujitokeza, majina hayo yafutwe," akatuma.

Dakika kumi baadaye simu ikalia kutoka Nairobi. Sauti ya karani wa Bunge, ya upole, ya mtu anayekula.

"Sajenti, tumepokea. Mia mbili na kumi wanatosha kabisa. Ardhilhali, hilo ombi lao, itasomwa leo alasiri. Na huyo mama, hakuna la kumshtaki, au?"

"Hakuna."

Alimtafuta Rodah kwa macho ili amwambie. Rodah alikuwa amesikia. Aliinamisha kichwa mara moja, akamgeukia Priscah.

Shida ilikuwa mizani. Morris alikuwa amesimama mbele yake na mikono nyuma.

"Mama Priscah, nisamehe," alikuwa akisema. "Jana nilikuwa sijui. Leo nimesikia kwa masikio yangu, mbele ya polisi. Siwezi tena kubonyeza hiyo namba. Nitafutwa kazi."

"Najua, kijana wangu."

Vikapu ishirini na saba vilikuwa mezani tangu asubuhi. Majani ya juu yalikuwa yameanza kulegea na kupata joto, na lori lilikuwa linakuja saa tisa.

Saa nane na nusu mtu akawasha redio ya simu, akaiegemeza kwenye boriti. Walisikia kengele, sala, halafu wabunge wakipiga kelele kuhusu jambo lingine. Ombi la Kapchemoiwo lilisomwa kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha maji ya kikombe. Jina la kituo lilitamkwa vibaya. Spika akasema linakwenda kwa kamati, na kifungu cha kumi na tisa kisiguswe mpaka kamati irudishe ripoti, baada ya likizo. Halafu wakaendelea na mambo ya barabara za pwani.

"Ni hivyo tu?" bibi kizee akauliza.

"Ni hivyo tu, kogo," Rodah akasema. "Kituo kiko."

Alikwenda mezani, akashika sikio moja la kikapu cha Priscah. Priscah akashika la pili. Wakakiinua pamoja hadi kwenye mizani, na Rodah akaweka kadi yake mwenyewe mbele ya Morris. Nyuma yake mwanamke mwingine mwenye kadi ya jina lake aliburuta vikapu viwili visivyo vyake. Mzee Koech akachukua vitatu.

Morris akatazama kadi. Akatazama vikapu. "Mwalimu, shamba lako ni ekari mbili. Na nimekupimia tayari asubuhi."

"Mvua imenyesha sana," Rodah akasema.

Morris akageuka polepole kumtazama sajenti, na kibanda chote kikageuka naye. Simu ya Nyathira ilikuwa inalia. Ilikuwa ni mkuu wake.

"Nyathira, nimesikia umemaliza. Kuna kosa lingine lolote huko?"

Alikuwa amesimama mita nne kutoka kwa mizani. Kadi aliiona, na vikapu, na mikono miwili kwenye kikapu kimoja. Akageuza mgongo, akaanza kushuka.

"Naondoka sasa hivi, afande," akasema. "Siko tena mahali pa kuona."

Nyuma yake alisikia mizani ikilia kwa uzito, halafu sauti za wanawake zikirudi, zote kwa pamoja, kama zinavyorudi mgeni akishatoka nyumbani. Alitembea kilomita mbili hadi barabarani. Bodaboda haikuwepo.